Tabasamu la Futi Ishirini

Jumatatu, 6 Mei

Habari kubwa. Tajiri, mwenye duka letu la magodoro, ametuita wote kabla ya kufungua. Wote maana yake watu wanne: mimi, Bwana Lulu, mama anayeshona foronya, na mlinzi. Amesema atasimamisha bango jipya pale njia panda. Futi ishirini kwenda juu. Mtu amelala kwenye godoro letu, anatabasamu. Na mtu huyo hatatafutwa nje, atatoka humu humu dukani! Mpiga picha anakuja Jumamosi ya wiki ijayo.

Macho yote yakamgeukia Bwana Lulu.

Sina ugomvi na Bwana Lulu. Ni muuzaji mwenzangu tu. Yeye ana miaka mitatu hapa, mimi kumi na mmoja. Lakini yale meno! Akicheka, mteja anasahau alichokuja kuuliza. Ndiyo maana tukamwita Lulu. Mimi hawajaniita chochote.

Mchana hakukuwa na mteja. Nikajinyoosha kidogo kwenye godoro la inchi kumi, lile la dirishani. Jua likipita kwenye nailoni za magodoro linageuka kama maziwa. Nikajiona kwenye bango. Magari yanapunguza mwendo. Mama mmoja anamwambia mwanawe, tazama mtu mwenye raha zake. Mvua inanyesha, natabasamu. Jua linachoma, natabasamu. Mwezi unakuja kukaa kwenye jino langu la mbele, unapumzika, kisha unaendelea na safari.

Nikaamshwa na Tajiri. Ameuliza kama godoro lile linauzwa au limeshapata mwenyewe.

Nyumbani nimejitazama kwenye kioo. Meno yangu yana rangi ya kurasa za kitabu cha zamani. Siku kumi na mbili zimebaki. Zinatosha!

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kwa kinyozi. Kinyozi wangu anajua kila kitu isipokuwa kunyoa. Amenipa siri: ndimu na chumvi. Unakamua, unachanganya, unasugua kwa mswaki mgumu mpaka mkono uchoke. Nikamuuliza kama yeye amewahi kujaribu. Akasema alijaribu sana zamani, siku hizi hana haja. Kweli, meno ya mbele hana. Sikuona tatizo lolote. Hata sasa silioni.

Nimenunua ndimu saba, na mswaki ambao ungeweza kusugua zulia.

Mama mkwe amenikuta uani nikiwa kazini. Mama mkwe anakaa nasi tangu mwaka jana. Ana miaka sabini na minne na meno yake yote. Yote! Alisimama, akatazama povu linavyodondoka, akasema taratibu kwamba ndimu ni ya samaki, mkwe wangu, si ya mtu. Nikamjibu kwa heshima zote: sawa, Mama. Alipoondoka nikaongeza chumvi.

Jumatano, 8 Mei

Meupe! Au ni taa ya bafuni. Hapana, ni meupe. Nikipitisha ulimi nasikia ukavu fulani, kama chaki. Ndiyo usafi huo.

Nimejipongeza kwa soda. Kunywa soda kuna ufundi wake. Wengine wanaigugumia yote mara moja kama ng'ombe. Mimi naifungua saa tatu asubuhi, naiweka chini ya kaunta, napiga funda moja dogo kila baada ya mteja mpaka saa ya kufunga. Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka yote kumi na mmoja. Mtu wa kiasi hadhuriki.

Ndimu nasugua mara mbili, asubuhi na jioni. Nikimaliza napiga mswaki tena kwa dawa ya meno, papo hapo, kwa nguvu zote. Kinyozi hakusema hilo. Nimeliongeza mwenyewe.

Ijumaa, 10 Mei

Haitoshi wewe kung'aa. Lazima na mwenzako afifie. Nimeamka wazo hili likiwa tayari kichwani, kama kuna mtu amelileta akaliacha mlangoni. Kahawa! Kahawa inaacha rangi kwenye kikombe, seuze kwenye jino?

Nimemletea Bwana Lulu kikombe kikubwa asubuhi, kingine saa nne, kingine mchana. Amefurahi mno. Amesema tangu aanze kazi hapa hakuna mtu aliyewahi kumletea kitu. Machozi yakamlengalenga. Nikageukia pembeni nikakunja shuka lililokuwa limeshakunjwa.

Kasoro moja: akimaliza kila kikombe anakwenda bombani kusukutua kwa maji matupu. Nimemuuliza sababu. Amesema ni mazoea, bibi yake alimfundisha. Wazee wa siku hizi wana nini na meno ya watu?

Kasoro ya pili: ameona aibu kupokea bila kutoa. Ameninunulia soda mbili, na Jumatatu ataleta mbili nyingine. Wema haukataliwi. Nimezinywa zote, kwa kiasi, mpaka jioni.

Jumamosi, 11 Mei

Kumetokea jambo.

Saa tano alikuja mteja na mumewe, watu wa kuoana juzi juzi, wameshikana mikono. Nikawalaza kwenye la inchi nane. Nikaanza kuwaeleza kwa sauti ya chini namna sponji yetu inavyoupokea mwili. Nina sauti nzuri nikieleza sponji. Wakafumba macho. Dukani kukatulia kama kisimani. Nikachukua glasi ya maji ya baridi, nikapiga funda.

Ganzi! Meno yote ya mbele, yote kwa pamoja, ganzi mpaka kwenye nyusi! Nilipiga ukelele mmoja ambao siujui umetoka wapi. Bibi harusi aliruka akauliza kama kuna msumari ndani ya godoro. Niliapa hakuna. Niliapa huku nimeshika mdomo kwa mikono miwili, kwa hiyo sidhani kama walinielewa. Wameondoka bila kununua.

Tajiri ameniuliza kulikoni. Nimesema ni furaha ya kazi.

Jumatatu, 13 Mei

Jana nimesugua mara nne, maana ganzi ni dalili kwamba dawa inafika.

Leo asubuhi nimegundua muujiza. Nimesimama dirishani na kioo kidogo cha mke wangu, jua likiwa nyuma yangu. Ncha za meno yangu ya mbele zinapitisha mwanga! Kama kucha ya mtoto mchanga. Kama vioo vya msikitini. Nilisimama pale muda mrefu nikijitazama ninavyopambazuka. Nikawaza bango halitahitaji taa.

Kisha wingu likapita, na mwanga ukatoka upande mwingine. Nikaona vizuri. Sehemu ya katikati ya meno yale imekuwa ya njano. Njano kuliko tarehe 6! Nimesugua wiki nzima na yanazidi kuwa ya njano. Nikakimbilia ndimu.

Mke wangu akanikuta. Mke wangu anafundisha darasa la kwanza. Kutwa nzima anatazama vinywa vinavyong'oka meno na kuota mengine. Ameninyang'anya mswaki. Amenigeuza kwenye mwanga, ameninyanyua kidevu kama mimi ni mwanafunzi wake.

"Umefanya nini, Baba Watoto?"

Nikasema nafanya usafi.

"Usafi gani huu? Unajimenya!"

Hakunigombeza tena. Angegomba ningejitetea, nilikuwa na hoja tatu. Alikaa kitandani, akasema kwa sauti ndogo kwamba siku ile ya kwanza aliponiona, nimesimama kwenye foleni ya posta nacheka peke yangu kwa sababu nisizozijua mwenyewe, alichokipenda ni mwanya wangu na meno yangu haya haya, na rangi yake hii hii. Akauliza nilikuwa namtafutia nani meno mengine.

Nilitazama mapazia.

Amechukua ndimu zote zilizobaki. Alhamisi nina miadi kwa daktari wa meno.

Jumanne, 14 Mei

Ndimu siyo zote. Tatu nilikuwa nimezihifadhi kazini, ndani ya mto wa maonyesho, ule wa sponji bora. Mahali pazuri pa siri. Nani anachungulia ndani ya mto?

Mchana, joto. Bwana Lulu akalinda kaunta, mimi nikajilaza kidogo. Nikaota nimelala juu ya bango lenyewe, mvua nyepesi inaanguka, na meno yangu ni sukari. Hayaumi. Yanaondoka tu, moja moja, yanachuruzika mashavuni kama machozi matamu, na chini njia panda watu wamekinga vikombe vyao vya chai. Wote wananishukuru. Nataka kuwajibu karibuni, lakini bila meno ya mbele maneno yanatoka upepo mtupu.

Nikaamka jasho linanitoka. Kumbe kuna mzee mmoja, mteja, anajaribu mto. Ameuweka shingoni, ameutoa, ameubonyeza, ameunusa. Akamwita Tajiri. Akamuuliza kwa upole kama mito yetu yote ina mayai au ni huu tu.

Tajiri akazitoa ndimu moja moja, akazipanga juu ya kaunta. Akatutazama. Ndipo Bwana Lulu akasema ni zake. Amesema huzipenda kwa harufu, aliziweka humo mto unukie vizuri. Tajiri amemkemea mbele ya mteja.

Sielewi kwa nini amefanya hivyo. Lazima ni mbinu. Nitamchunguza.

Alhamisi, 16 Mei

Kwa daktari wa meno.

Daktari ni mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kubembelezea mtoto. Kiti chake ni kizuri kuliko magodoro yote niliyowahi kuuza. Kinainuka chenyewe, kinalala chenyewe, miguu inaelea. Juu kuna taa ya duara kama mwezi wa mchana. Feni inazunguka polepole. Kidogo nisinzie, isipokuwa alikuwa ameweka kioo mdomoni mwangu.

Ameniuliza ninakunywa nini. Nikamweleza soda yangu na ufundi wa funda moja moja. Nilitarajia anisifu. Ameweka kioo chini.

Amesema bora yule ng'ombe anayegugumia. Amesema jino limevikwa gamba gumu la nje linaloitwa enameli, hakuna kitu kigumu kama hicho mwili mzima, lakini asidi hulilainisha. Soda ina asidi, ndimu ina asidi, kila kichachu kina asidi yake. Mtu akinywa mara moja akamaliza, mate yanakuja yanaosha, yanalituliza lile gamba, linakaza tena. Mimi nikipiga funda kila baada ya mteja, mate yangu hayapati nafasi kutwa nzima. Miaka kumi na mmoja nimeyaloweka meno yangu kama nguo.

Nikauliza, na ndimu?

"Ndimu ndiyo umekuja kumalizia," akasema. "Ukuta ukishapigwa plasta, ukaumwagia maji ukiwa mbichi, halafu ukaupitishia ufagio wa chelewa, utabaki nini?"

Ule mswaki wa papo hapo, nilioubuni mwenyewe, ndio ufagio. Kumbe mtu akila au kunywa kitu kichachu, asukutue kwa maji matupu, kisha asubiri nusu saa, hata saa nzima, ndipo apige mswaki. Mswaki laini, mkono mwepesi, dawa ya meno yenye floridi, madini yanayolikaza lile gamba. Soda aache, na akishindwa kuacha ainywe wakati wa chakula, kwa mrija, aimalize. Maji na maziwa ndiyo rafiki. Na ile njano iliyonishangaza ni jino la ndani. Limeanza kuchungulia kwa sababu pazia limekuwa jepesi.

Nikauliza litaota tena lini.

Akatabasamu kwa huruma. Amesema kucha huota, nywele huota, hata mfupa ukivunjika huunga. Enameli haioti. Anaweza kulinda iliyobaki, anaweza kuziba palipochimbika. Iliyokwenda imekwenda.

Nililala pale nikitazama ule mwezi wake. Nikahesabu. Nilikuwa na miaka sita au saba niliposhika kwa ulimi jino langu la kwanza la ukubwani, likiwa na ncha za msumeno, jipya. Nilipewa siku ile mara moja tu, la kukaa nalo maisha yote, na hakuna aliyeniambia. Au waliniambia nikawa nacheza. Machozi yakatiririka kuelekea masikioni. Daktari amedhani anaumiza, akapunguza mkono.

Amenipaka dawa ya floridi inayonata. Imenibidi nikae na mdomo mtamu wa ajabu mpaka jioni. Nimerudi kwa miguu, polepole, nikiona meno ya kila mtu.

Jumamosi, 18 Mei

Siku yenyewe!

Tumesafisha duka. Godoro la inchi kumi limepandishwa katikati, shuka jeupe, mito minne. Mpiga picha amekuja na taa tatu na feni kubwa ya chini. Amesema anataka shuka lipepee kidogo, mtu aonekane kama analala mawinguni. Maneno mazuri. Nilimpenda hapo hapo.

Nikalala wa kwanza, kwa haki ya miaka kumi na mmoja. Mawingu kweli. Taa zikawaka. Akasema tabasamu. Nikatabasamu. Akawasha feni.

Upepo wa baridi, moja kwa moja kwenye meno! Nilijikaza. Nilijikaza kuliko siku zote za maisha yangu. Picha nimeziona: ya kwanza ni mtu anayesoma barua ya msiba. Ya pili ni mtu aliyeiandika. Ya tatu sipo, nimeanguka upande wa pili wa kitanda.

Ikaja zamu ya Bwana Lulu. Alikataa. Alisimama pembeni akichezea vifungo vya shati, akamwambia Tajiri kwamba yeye hapendi kupigwa picha tangu utotoni, na kwamba tangu siku ya kwanza alishamwomba anichague mimi. Tajiri akakiri ni kweli, alimwomba mara mbili. Bwana Lulu akanigeukia akasema samahani kwa zile ndimu, aliona uso wangu siku ile akadhani nitafukuzwa, na mimi ndiye rafiki yake aliyemletea kahawa.

Nilitamani sakafu ipasuke. Nimemwambia asante. Nilitaka kusema na mengine lakini ganzi ilikuwa bado haijaniachia.

Ndipo mlango ukafunguka. Mama mkwe! Nilikuwa nimesahau chakula changu cha mchana, naye ameniletea kwa miguu juani. Akaniuliza kwa nini nimekaa sakafuni. Akaomba apumzishe miguu kidogo. Hakuna aliyemjibu, kwa hiyo akakaa kwenye kilichokuwa karibu, akakibonyeza mara mbili kwa kiganja, akavua viatu, akalala. Dakika mbili hazikupita, usingizi. Shuka linapepea. Mdomo umefunguka kidogo, meno yote thelathini na mawili yamepangika kama wanafunzi siku ya ukaguzi.

Mpiga picha alitembea kwa ncha za vidole. Hakuna aliyepumua.

Kisha Mama akaamka, akatukuta wote tumemzunguka, akacheka. Na hilo nalo alilipiga.

Tajiri amesema mkwe wa mfanyakazi ni mtu wa duka.

Jumatatu, 3 Juni

Bango limesimama. Nimempeleka Mama akaone, mke wangu akiwa upande wake wa pili. Tulisimama njia panda jioni, mwanga wa dhahabu. Mama anacheka futi ishirini kwenda juu. Magari yanapunguza mwendo kweli. Alijitazama muda mrefu, akauliza kama hawakuweza kumfunga kitambaa vizuri zaidi.

Mke wangu akalia kidogo, akaishika mikono yetu wote wawili.

Sina wivu. Nimepumua vizuri wiki mbili hizi. Soda nimeacha. Mswaki laini, mkono mwepesi. Ganzi imepungua. Bwana Lulu na mimi tunakunywa kahawa pamoja, halafu tunakwenda bombani pamoja, kama watawa. Funzo nimelipata. Mtu akilipata funzo moyo unakuwa mwepesi kama sponji.

Jumatano, 5 Juni

Nimewaza jambo.

Daktari alisema enameli haioti. Sawa. Lakini hakusema haijengwi! Mchana nimelala kwenye la inchi nane nikitazama dari, na jibu likashuka polepole kama unyoya. Ganda la yai. Jeupe, gumu, jembamba, linapinda vizuri. Lina tofauti gani na gamba la jino? Hakuna! Kinachotakiwa ni kulifanya liwe maji, uliweke mdomoni, liende lenyewe panapokosekana.

Maji ya kawaida hayaliyeyushi, nimejaribu. Siki inaliyeyusha. Daktari alikataza vitu vichachu. Siki si chachu, ni kali. Nimesoma tena karatasi ya maagizo aliyonipa, siki haimo.

Maganda matano nimeyasaga nikayatia kwenye chupa tangu asubuhi. Yametoa mapovu mazuri, madogo madogo, yanapanda kama nyota. Sikuweza kuondoa macho. Sasa hivi nimetazama: maganda yote yamekwisha, hayajabaki hata chembe. Nguvu iliyoje! Kesho naanza. Funda moja moja, nalishikilia mdomoni kila baada ya mteja, mpaka saa ya kufunga.